Siku Nilipompa Mkwe Wangu Jenerali Maikrofoni

Nimekimbia majenerali nusu ya maisha yangu. Wa kwanza nilimkimbia kule Uvira, Kongo, nikiwa na godoro kichwani. Wa pili nilimkimbia nikiwa na watoto wawili na cherehani ya mkono. Nilipofika Birmingham nikasema basi, huku hakuna jenerali atakayenifuata. Kisha binti yangu akaniletea mmoja mpaka sebuleni.

Hakumleta jenerali mwenyewe. Alimleta mtoto wake, kijana Mserbia, mrefu, mpole, injinia wa reli, walikutana chuoni. Siku ya kwanza alipofika kwetu Shard End nilimuuliza swali ninalomuuliza kila mtu anayekalia kochi langu: baba yako anafanya kazi gani?

Kijana akaangalia viatu vyake. "Amestaafu."

"Amestaafu nini?"

"Jeshi."

"Jeshini alikuwa nani?"

Binti yangu akaingilia. "Papa, please."

"Sijamuuliza please. Nimeuliza baba yake alikuwa nani."

"Jenerali," akasema kijana, kwa sauti ya mtu anayekiri kwamba kwao kuna kunguni. "Sasa ni mwanasiasa."

Mama watoto alikuwa ameshika sinia la chai. Alilirudisha jikoni na hakutoka kwa muda. Nilimfuata nikamkuta ameegemea friji. Sisi wawili tulijua tunafikiria barabara ileile tuliyokimbilia kutoka Uvira.

Lakini nitasema ukweli, maana kwa umri huu sina wa kumwogopa. Niliudhika, na wakati huohuo nilijisikia mkubwa. Mimi niliyeacha shule darasa la nne, niliyejifunza kuvalisha makochi kwa kufumua ya watu wengine nione yalivyoshonwa, mimi mwenye karakana yangu Saltley na jina langu juu ya mlango, leo ninakwenda kuoza binti kwa jenerali. Jumatatu asubuhi sikumaliza hata kufungua kufuli kabla ya kumwambia jirani yangu. Jirani huyu ni Singasinga aliyezaliwa Kisumu, anauza vitambaa duka linalofuata, na Kiswahili chake kinanishinda mimi.

"Jenerali?" akasema. "Wewe? Si ulikuwa unasema majenerali wote wakusanywe kwenye boti moja?"

"Huyu amestaafu."

"Aa. Basi boti ya wastaafu."

Arusi ilifanyika, jenerali hakuja. Alikuwa na uchaguzi. Alituma salamu, na katoni ya chupa za pombe yao ya matunda, kali kama petroli. Alizituma nyumbani kwa mzee wa kanisa la kilokole! Mama watoto alizipanga chini ya sinki pamoja na sabuni. Baadaye niligundua kwamba zinatoa gundi kwenye kitambaa kuliko dawa yoyote niliyowahi kununua, nikazihamishia karakana. Mpaka leo nikimkumbuka mtu yule kwa wema, nakumbuka gundi.

Jenerali alikuja mjukuu wetu alipotimiza miezi minane. Binti yangu na mumewe wanakaa Sutton Coldfield, kwenye nyumba zenye miti mbele, na yeye alifikia huko, lakini siku ya pili walimleta kwetu kula. Mtu mkubwa, mabega kama kabati, nywele nyeupe zimekatwa kama brashi. Aliingia, akapiga jicho dirisha, mlango, ngazi, kisha ndipo akanisalimu. Tabia hiyo ninaijua. Ninayo mwenyewe.

Mke wake alikuwa amefariki miaka mingi nyuma. Yeye alipompakata yule mtoto alibadilika sura, sitasema uongo. Alimwimbia kitu cha kwao, kwa kunong'ona, akiwa amefumba macho. Mtoto alimshika pua, na yeye akaiacha pua yake ishikwe muda wote wa chakula.

Kabla hatujamaliza kula akanieleza kazi yake kwa vikombe vya chai. Kiingereza chake na changu vilikuwa ndugu, vyote vya kuokota, kwa hiyo tulielewana. Kikombe cha kwanza kilikuwa yeye, mtoto wa dereva wa trekta. Jeshi likamchukua likamsomesha ujenzi wa madaraja. Miaka yote ya jeshi alikuwa mtu wa madaraja, mpaka wakampa nyota ya ujenerali. Akastaafu, akakaa nyumbani akipanda nyanya, nyanya zikamshinda. Akaingia chama cha kwanza. Huko wakampa unaibu waziri, akagombana na mkubwa wake, akatoka. Akaingia cha pili, akagombana, akatoka. Akaanzisha chake mwenyewe. Siku ya kura kilipata watu wa kijijini kwao, na hata hao hawakuwa wote. Alipofika hapo vikombe vilikuwa vimejaa upande mmoja wa meza, na mama watoto amebaki na birika hana pa kumimina.

"Na sasa?" nikamuuliza.

Akasogeza kikombe chake karibu na bakuli la sukari. Sasa alikuwa ameungana na chama kikubwa. Mtoto wake alikohoa. Nilikuja kuelewa baadaye kikohozi kile: hicho chama kikubwa kilikuwa kinapanda jukwaani kupiga kelele kuhusu damu safi na wageni wanaoharibu nchi.

Mimi sipendi kula na mtu nikiwa na swali moyoni. Nikamuuliza palepale, "Wewe, kwenye vita vya kwenu, uliua watu wasiokuwa na bunduki?"

Binti yangu akasema "Papa!" Kijana akaweka uma chini.

Jenerali hakukasirika. Alikizungusha kikombe. "Nilijenga madaraja," akasema. "Na mengine nilivunja. Nilivunja wakati watu bado wako ng'ambo. Hawakuvuka. Hicho ndicho nilichofanya."

Niliwahi kusimama kwenye mto ambao daraja lake limevunjwa, mtoto mgongoni, milio nyuma yetu. Mtoto yule ndiye huyu mke wa mwanawe. Nilimwongezea ndizi.

Ikafika Jumapili. Hapa lazima nieleze desturi yetu, maana kosa lote liko hapa na kosa ni langu. Kanisani kwetu, kabla ya mahubiri, wageni husimama. Mgeni anasimama, anapewa maikrofoni, anataja jina, anakotoka na aliyemleta, tunampigia makofi, anakaa. Mwenye kazi hiyo ni mimi. Mimi ndiye mzee wa wageni, na maikrofoni ile hakuna anayeigusa bila mkono wangu. Na ibada yetu yote inarushwa mtandaoni moja kwa moja, kwa ajili ya ndugu zetu waliobaki kambini na nyumbani. Wanatusubiri kila wiki.

Mama watoto aliniambia asubuhi ile, akinifunga tai, "Papa, yule mtu ni mwanasiasa. Asimame, apungiwe mkono, akae. Usimpe maikrofoni."

"Mgeni ni mgeni."

"Nimesema."

Nilimpa. Nilitaka watu waone. Nilitaka wale wa Bukavu wanaojifanya wana shahada, na yule mama wa kwaya anayeniita fundi viti, wote waone nani amekaa ubavuni kwangu. Nilimtangaza mwenyewe, kwa sauti ya juu kuliko kawaida: mkwe wangu, jenerali, kutoka Serbia.

Akasimama na mjukuu mkononi. Akaitafuta kamera, akaipata kabla sijashusha mkono. Alizungumza robo saa na zaidi. Alizungumza juu ya madaraja, reli, imani, familia. Watu wetu ni watu wa kuitikia. Mtu akivuta pumzi wanasema Amina. Kadiri walivyosema Amina ndivyo alivyozidi kupanda. Mpiga ngoma naye akaanza kumwekea ngoma mwisho wa kila sentensi. Nilimvuta koti mara mbili. Mwishoni alimbusu mtoto na kumwinua juu kwa mikono miwili kama kombe, na kanisa zima likasimama. Mchungaji alifupisha mahubiri siku ile.

Nilirudi nyumbani nimevimba kama mkate. Mama watoto alipika bila kuniangalia.

Jenerali akarudi kwao. Zikapita siku nne. Alhamisi binti yangu akaja karakana, jambo ambalo hafanyi, maana ni muuguzi na zamu zake hazina huruma. Nilikuwa nimelaza kochi kifudifudi, mdomo umejaa misumari. Akaniambia video ya kanisa imefika Serbia. Mtu amekata pale jenerali anapomwinua mtoto, akaituma, ikasambaa. Wenzake chamani wameona. Mwandishi wa habari akamwuliza kwenye televisheni: huyo mtoto mweusi ni wa nani?

"Akasema nini?" Nilitema misumari.

"Akasema ni mtoto wa wenyeji wake. Akacheka, Papa. Akasema, mnajua Waafrika, wanapenda sana kumpa mgeni mtoto amshike."

Mume wake ndiye aliyemtafsiria. Alikuwa hataki, binti yangu akamlazimisha, neno kwa neno.

Nilikaa juu ya mbao za kochi. Binti yangu hakulia. Yeye si mtu wa kulia, ni mtu wa kusema mara moja. "Atasema ukweli kama alivyosema uongo," akasema. "Mbele ya watu, kwenye kamera. Mpaka siku hiyo hamwoni mtoto. Si kwa macho, si kwa simu." Na mume wake alikubali. Kijana mpole yule alimpigia baba yake akamwambia kwa maneno machache, akakata.

Basi. Nyumbani kwangu ikaanza sentensi moja iliyokaa miaka miwili. "Nilikwambia." Mama watoto aliisema akimimina chai, akikunja nguo, akisubiri basi. Na alikuwa na haki, hilo ndilo lililoniudhi. Kamera ni ya kanisa, mdomo ni wa jenerali, lakini maikrofoni ilitoka kwenye mkono wangu.

Nikasema kama niliharibu mimi, nitarekebisha mimi. Nikaanza kumpigia simu saa ya chakula, mkwe kwa mkwe.

"Baada ya uchaguzi," akaniambia. "Sasa hivi wataniua kisiasa. Baada ya uchaguzi ninasema yote."

Uchaguzi ukaja, akashinda, akawa mbunge. Nikampigia.

"Baada ya serikali kuundwa. Wanazungumza bado. Ni wakati mbaya."

Serikali ikaundwa. Baada ya uchaguzi wa mabaraza. Ukapita huo. Baada ya mkutano mkuu wa chama. Nimevalisha makochi ya watu wa kila aina, nimedanganywa na wauza mbao, wauza sponji na wenye nyumba, lakini sijapata kuona mtu mwenye "baada ya" nyingi kama yule. Na kila nilipokata simu alinitumia picha. Picha za mabango yake! Jenerali na wakulima. Jenerali na bibi mwenye kilemba. Jenerali amembeba mtoto wa kijijini mwenye nywele kama mahindi, anamtabasamulia, na chini maandishi makubwa. Nilimwonyesha Singasinga.

Akavaa miwani. "Na huyu naye ni wa wenyeji wake?"

Nilicheka, kisha nikashindwa kula.

Mtoto akaanza kutembea. Akaanza kusema, Kiingereza, lakini ukimwambia kwa Kiswahili alete kiatu analeta. Baba yake alimfundisha neno Deda, ndiyo babu kwa lugha yao, na akamwekea picha ya yule mtu ukutani, maana kijana alikuwa na hasira na baba yake lakini hakutaka kumfuta. Siku moja mtoto akaniuliza huyo Deda anakaa wapi. Mimi ninayejulikana kwa mdomo nikasema, "Mbali, anajenga madaraja," kisha nikajichukia, maana hata hilo halikuwa kweli. Hajajenga hata moja tangu aanze siasa.

Mwaka huu, wiki moja kabla ya Pasaka, mlango wa karakana ukafunguliwa na mabega yale yakaingia. Peke yake. Hakutoa taarifa kwa mwanawe wala kwa mtu. Amekonda. Akaangalia dirisha, mlango wa nyuma, kisha akakaa kwenye fremu ya kochi iliyo wazi.

"Hapo si pa kukaa," nikamwambia. "Hapana sponji."

"Nimekaa pabaya zaidi."

Sikuacha kazi. Mteja wangu alikuwa anasubiri, na mimi simwachi mteja kwa ajili ya mbunge. Nilikuwa navuta kitambaa kwenye mgongo wa kochi, kazi inayotaka watu wawili, mmoja avute na mwingine apige. Nikamwonyesha pa kushika. Akashika. Mikono yake ilikuwa mizuri, sitamnyima. Alivuta sawasawa bila kuambiwa mara ya pili.

"Nataka kumwona," akasema. "Saa moja tu. Kisha narudi."

"Umeshasema kule kwenu?"

"Wewe huelewi siasa."

"Siasa naielewa. Imenifukuza nchi mbili. Vuta."

Akavuta. "Wananipa wizara," akasema. "Mwezi ujao. Imekwisha, imebaki kutangazwa. Ujenzi."

"Ya madaraja?"

"Ya madaraja." Hapo sauti yake ilikuwa ileile aliyomwimbia mtoto. "Kuna mawili niliyovunja hayajarudishwa mpaka leo. Watu wanazunguka nusu siku. Ningeyarudisha. Nikisema kuhusu mtoto leo, kesho jina langu linafutwa. Ni mwezi mmoja, mkwe. Mwezi mmoja tu, baada ya hapo..."

"Usilimalize hilo neno humu ndani."

Nilipiga misumari upande mzima. Hasira yangu, na nilikuwa nayo tele, ilinichanganya, maana nilijua anasema kweli kuhusu yale madaraja. Mtu anayezunguka nusu siku ninamjua. Lakini namjua pia mtoto wa miaka karibu mitatu anayeuliza picha ya ukutani inakaa wapi.

"Mwambie binti yako," akasema. "Wewe ni baba yake. Kwenu baba akisema, si wanasikia?"

"Ndiyo maana simwambii. Angesikia."

Tukamaliza mgongo wa kochi. Nikamwekea chai kwenye kikombe cha kopo. Kisha nikamwambia waziwazi, ili asije kusema alitegewa. "Jumapili watakuwa kanisani. Kanisa halimfukuzi mtu. Kamera inawashwa saa nne kamili, na wale waliokata ile video bado wanatuangalia, wengine wanaandika matusi chini. Ukija, unajua unakuja wapi."

Aliosha kikombe mwenyewe, akakirudisha kwenye msumari wake, akatoka.

Jumapili sikumwambia mtu. Mama watoto alinifunga tai akaniuliza kwa nini natoka jasho. Jenerali alifika kabla ya saa nne, suti nyeusi, akakaa nyuma kabisa. Binti yangu alikuwa safu ya pili na mumewe na mtoto, na kiti kimoja kitupu pembeni yao. Mtu alimgusa bega akamwonyesha. Aligeuka, akaona, akageuka tena mbele. Akachukua mkoba wake kutoka sakafuni akauweka juu ya kile kiti kitupu. Mume wake alibaki anaangalia nyuma mpaka mtoto alipomvuta sikio.

Ukafika wakati wa wageni. Nikasimama na maikrofoni. Walikuwepo mume na mke kutoka Coventry, wakajitaja, tukapiga makofi. Mama mmoja mgeni kutoka Lubumbashi, amefika juzi, akalia kidogo, tukapiga makofi. Kisha kanisa lote likaanza kuangalia nyuma. Yule mtu, ambaye mara ya kwanza alisimama kabla sijamwita, amekaa kama gogo.

"Yupo mgeni mwingine?" nikauliza. Namkazia macho.

Yeye anamwangalia mtoto tu.

Nikafikiri, anajificha. Amekuja kuiba saa moja ya kumwangalia mtoto kisogo, halafu apande ndege akachukue wizara yake. Damu ikanipanda. Nikashuka njia ya katikati na maikrofoni mkononi, mzee mzima, goti moja bovu, na kamera ikanifuata kama ilivyofundishwa kumfuata mwenye maikrofoni. Nikamfikia, nikamwekea mdomoni. "Kuna mgeni mwingine?" nikarudia.

Akaisukuma kwa mkono, taratibu. Akasimama, akanipita, akatembea mpaka safu ya pili. Wale watu wa jeshi wanafundishwa kusema uwanjani bila chombo chochote. Sauti yake ilijaa ukumbi mpaka kwenye madirisha.

"Mimi si mgeni," akasema kwa Kiingereza chake cha kuokota. "Huyu ni mwanangu. Huyu ni mke wake. Huyu mtoto ni mjukuu wangu, damu yangu. Kwenye televisheni nilisema kitu kingine. Nilidanganya."

Kisha akaigeukia kamera, maana hajawahi kutojua ilipo, akayasema yote tena kwa Kiserbia. Sikuelewa neno isipokuwa Deda. Lakini nilimwona kijana wetu amefunika uso kwa viganja viwili.

Watu wangu wanaosema Amina kwa kila kitu, siku ile hakuna aliyesema. Jenerali alibaki amesimama kando ya kiti chenye mkoba, mikono imenyooka chini. Binti yangu anaangalia mbele. Nilihesabu pumzi zangu. Mwishowe binti akanyoosha mkono, akauchukua mkoba, akaupakata. Hakumwangalia. Jenerali akakaa. Mtoto akamchungulia kutoka kwa baba yake, akamchungulia, kisha akauliza kwa sauti ya kusikika na kila mtu, "Are you the one on the wall?"

Wizara hakupata. Jina lilifutwa hata kabla hajapanda ndege. Simu iliita mezani kwetu tukila wali, jenerali akasikiliza, akasema neno moja, akaiweka kifudifudi karibu na sahani. Mama watoto alimwongezea mchuzi. Ndiyo mara ya kwanza nilipomwona akimwongezea bila kuombwa. Yale madaraja mawili bado hayajarudishwa, na sitasema jambo hilo halinisumbui. Linanisumbua.

Mngedhani basi amepumzika. Hapana. Mtu yule hana dawa. Binti yangu anaongea naye kwa ufupi, kama anavyoongea na mgonjwa msumbufu wodini, lakini mlango umefunguliwa, na yeye anakuja kila anapopata tiketi ya bei rahisi. Akija anashinda karakana yangu. Amehamisha rafu zangu zote kwa mpango wa kijeshi, sasa sioni mkasi. Anavuta kitambaa kwa nguvu mpaka kinachanika. Anabishana na Singasinga juu ya bei ya reli kana kwamba mmoja wao anauza reli. Na anaanzisha chama kipya, cha tano au cha sita, nimeacha kuhesabu. Anataka nimchagulie jina kati ya manne, na yote manne yana neno daraja.

Jumamosi iliyopita alikuwa ameshika ncha ya kitambaa, mimi nimeshika nyingine, akaanza kwa sauti ya upole ambayo sasa naijua.

"Mkwe. Kesho kanisani. Dakika mbili tu. Nina neno la kuwaambia watu."

"Haiwezekani."

"Dakika moja."

"Maikrofoni ni ya wageni," nikamwambia. "Wewe ulisema mwenyewe, mbele ya kanisa, kwa lugha mbili, kwamba si mgeni. Mimi nafuata desturi."

Akaachia kitambaa, akaanza kunipigia kelele kwa lugha yao, na mimi nikampigia kelele kwa yangu. Singasinga alikuja mlangoni na kikombe cha chai kusikiliza, akasimama hapo mpaka tulipomaliza.